Kikapu cha Maskini na Jicho la Mlipakodi

Mhadhara wa Umma wa Uprofesa



Desturi ya mhadhara huu ni kwamba anayepewa uprofesa aeleze hadharani kazi anayoifanya, ili wanaomlipa mshahara wapate nafasi ya kumuuliza. Mimi nafundisha sera za hifadhi ya jamii. Leo nimechagua ugomvi ambao Wamarekani wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 80: serikali ikimpa mtu fedha za chakula, je, ina haki ya kumchagulia cha kula? Nimeuchagua kwa sababu umepimwa na kuandikwa kwa kina, na kwa sababu nasi tunao, ila sisi tunaupigia soga vijiweni zaidi ya kuuchunguza.

Msimamo wangu nautaja mapema. Sharti lolote juu ya msaada wa chakula lipimwe kwa afya ya anayekula. Likipimwa kwa ridhaa ya anayetazama kikapu, tutapata sheria nyingi za kutufurahisha sisi tulioshiba, na watoto wenye njaa watabaki vilevile.

1. Mpango ulioanza kwa ajili ya mkulima

Mwaka 1939, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, serikali ya Marekani ilianza kutoa stempu za chakula. Maghala yalikuwa yamejaa mazao yasiyo na mnunuzi, na mijini watu hawakuwa na kazi wala chakula. Aliyestahili alinunua stempu za rangi ya chungwa, na kwa kila dola 1 aliongezewa bure stempu za buluu za senti 50. Za chungwa zilinunua chakula chochote. Za buluu zilinunua tu mazao ambayo Wizara ya Kilimo ilitangaza kuwa ni ya ziada. Kwa hiyo katazo la kwanza kabisa katika historia ya mpango huu liliwekwa ili mkulima auze mazao yake. Afya ya mlaji haikuwa hoja.

Mpango ulifungwa mwaka 1943, vita vilipoleta ajira na kumaliza ziada ile. Rais Kennedy aliufufua kwa majaribio mwaka 1961, na mwaka 1964 Rais Johnson akatia saini Sheria ya Stempu za Chakula. Ugomvi wa leo ulikuwamo tayari ndani ya Bunge la mwaka huo. Muswada wa Baraza la Wawakilishi ulitaka kuzuia soda na vyakula vya anasa. Sheria iliyopitishwa haikuvigusa. Ilizuia pombe na vyakula vilivyoagizwa kutoka nje. Hapo tena, mkulima wa Marekani ndiye aliyelindwa.

Sheria ya mwaka 1977 iliondoa sharti la kununua stempu, na ilipofika 2004 majimbo yote yalikuwa yameacha karatasi na kuhamia kadi ya elektroniki. Mwaka 2008 mpango ulipewa jina la SNAP. Katika mwaka wa fedha 2024 ulihudumia watu wapatao milioni 42 kila mwezi, kwa gharama ya karibu dola bilioni 100. Kwa wastani kila mtu alipata takriban dola 187 kwa mwezi, yaani dola 6 na senti kidogo kwa siku, milo yote.

2. Kwenye kaunta

Tusimame kidogo dukani. Mteja ameweka kwenye kaunta mkate, maziwa, mayai, sabuni na nepi. Anapitisha kadi na kubonyeza namba ya siri. Mashine inachambua: mkate, maziwa na mayai vimelipwa, sabuni na nepi bado, navyo atavitafutia fedha nyingine au avirudishe rafuni. Pembeni kuna kuku wa kuokwa, bado ana moto. Kadi haimnunui, maana sheria inakataza chakula cha moto. Kuku kama huyo akishapoa na kuuzwa kutoka kwenye friji, kadi inamkubali. Katazo hilo haliongezi wala halipunguzi lishe ya kuku. Linamuumiza tu asiye na jiko, au mzazi anayetoka kazini usiku na watoto wanamsubiri.

Nyuma ya mteja kuna foleni, na foleni ina macho. Mwaka 1976 Ronald Reagan, akitafuta kuteuliwa kugombea urais, aliwasimulia wapiga kura habari za kijana anayenunua nyama ya bei mbaya kwa stempu, huku wao nyuma yake wameshika nyama ya kusaga. Hakuhitaji takwimu. Kila aliyewahi kupanga foleni alimchora mwenyewe huyo kijana kichwani. Masimango ambayo zamani yalisemwa chinichini yakapandishwa jukwaani, na tangu hapo mtu mmoja aliyeonekana dukani ana nguvu kuliko ripoti nzima ya wizara.

3. Hoja za wanaotaka makatazo

Hata hivyo, tusiwadharau wanaotaka makatazo, maana hoja zao zina uzito. Wanasema fedha ni ya umma na umma una haki ya kuuliza inakwenda wapi. Wanasema serikali hiyohiyo hugharamia matibabu ya kisukari ya maskini. Inakuwaje inunue soda kwa mkono mmoja na dawa kwa mwingine?

Tena wanao mfano mzuri. Marekani ina mpango mwingine, WIC, wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiotimiza miaka 5. Huo una orodha ya vyakula: maziwa, mayai, maharage, nafaka, matunda. Mwaka 2009 orodha ilirekebishwa kwa kuongeza mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na wachache walilalamika. Kama orodha inafaa kule, kwa nini isifae huku?

Jibu langu ni kwamba WIC ni nyongeza ya lishe kwa watu maalumu katika kipindi kifupi cha maisha yao, na orodha yake ilitungwa kwa kuanzia kwenye mwili wa mama na mtoto. SNAP ndiyo soko la kaya nzima, kuanzia kijana wa shule hadi bibi asiye na meno. Hapo ndipo orodha inaposhindwa.

Hata hivyo, jimbo la Minnesota liliomba ruhusa ya kuzuia peremende na soda mwaka 2004, na Jiji la New York likaomba kuzuia vinywaji vya sukari mwaka 2010. Wizara ya Kilimo ilikataa maombi yote mawili. Mwaka 2025 wizara hiyo iligeuka, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 majimbo ya Indiana, Iowa, Nebraska, Utah na West Virginia yakaanza makatazo yao, kila moja na orodha yake. Iowa imefuata orodha ya kodi ya mauzo: chakula kinachotozwa kodi hiyo, kadi hainunui. Sasa, katika sheria ya kodi ya jimbo hilo, kitamutamu chenye unga ndani yake hakihesabiwi kuwa peremende. Basi chokoleti yenye biskuti inapita, na chokoleti tupu inazuiwa. Sukari ni ileile. Anayetakiwa kuyajua haya ni keshia na mama mwenye watoto watatu kwenye foleni.

4. Ushahidi unasemaje

Mwaka 2016 Wizara ya Kilimo ilitoa ripoti iliyochambua manunuzi ya mwaka 2011 katika maduka ya kampuni moja kubwa. Soda ilichukua takriban senti 5 katika kila dola ya matumizi ya kaya za SNAP, na senti 4 kwa kaya nyingine. Anayetaka makatazo atasema soda ilikuwa juu kabisa katika orodha ya walengwa, na atasema kweli. Lakini tofauti kati ya maskini na jirani yake ni senti moja na kitu. Kama soda ni janga, basi ni janga la nchi nzima, na dawa ya janga la nchi haianzii kwa mwenye dola 6.

Huko Hampden, Massachusetts, serikali ilijaribu njia nyingine mwaka 2011 na 2012. Kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyonunulia matunda na mboga. Hakuna walichokatazwa. Walikula matunda na mboga zaidi kwa asilimia 26 kuliko wenzao wasiorudishiwa.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwa wachumi Hilary Hoynes, Diane Schanzenbach na Douglas Almond. Stempu za chakula zilienea wilaya moja baada ya nyingine kati ya 1961 na 1975, kwa hiyo waliweza kulinganisha watoto waliozipata mapema na waliochelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walionesha kwamba waliozipata utotoni walikuwa na nafuu ukubwani katika mkusanyiko wa maradhi ya unene, shinikizo la damu na kisukari. Kumbukeni kuwa stempu zile ziliruhusu soda.

5. Na sisi je?

Kwetu Tanzania husemwa kwamba fedha za TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, huishia kilabuni. Majaribio ya ruzuku hiyo yalifanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Walengwa walijiunga na bima ya afya ya jamii, wakanunulia watoto viatu, wakaongeza mifugo. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka 2017 wakahitimisha kwamba ruzuku ya fedha kwa ujumla haiongezi matumizi ya pombe na tumbaku.

Ugomvi wa Marekani unawagusa pia ndugu zetu. Wakongomani wengi waliopokewa huko kama wakimbizi, wengine wakitokea kambi ya Nyarugusu, walianzia maisha kwenye kadi ya SNAP. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondolea wakimbizi haki hiyo hadi wapate ukaazi wa kudumu. Umma ulikuwa ukibishana juu ya soda iliyomo kikapuni. Kikapu chenyewe kikachukuliwa.

Hitimisho

Umma una haki ya kuuliza fedha yake imefanya nini, na swali lake lijibiwe kwa uzito wa watoto, mahudhurio shuleni na maradhi yanayopungua. Hadi sasa, kiasi cha kutosha na nyongeza kwa chakula bora vimeonesha matokeo. Makatazo bado yanadaiwa ushahidi.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtaketi wizarani na katika halmashauri mkiandika masharti ya watu wengine kula. Kila sharti mtakaloliandika, andikeni na kipimo chake, na tarehe ya kulifuta likishindwa. Msipoweza kuandika hivyo viwili, msiliandike.