Kunguru Hakujialika



Alfajiri katika soko la Buguruni, kabla gari la kwanza la mihogo halijashusha mzigo, kunguru huwa wamekwisha kushika nafasi zao. Hujipanga juu ya mabati na nyaya za umeme, wakingoja matumbo ya samaki, makapi ya mboga na kifaranga atakayeachana na mama yake. Mtoto aliyezaliwa Buguruni humdhania ndege huyo kuwa mwenyeji wa Pwani tangu enzi na enzi. Sivyo. Huyo mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India. Kunguru wa asili ya nchi hii ni yule mwenye kifua cheupe, naye siku hizi ni adimu mjini.

Hata hivyo, ugeni peke yake si kosa. Mihogo hiyo inayoshushwa sokoni asili yake ni Amerika ya Kusini, na mahindi asili yake ni Meksiko. Mazao hayo yalifika baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Mkorosho nao ulitoka Brazil. Leo hakuna anayethubutu kuuita ugali chakula cha kigeni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimea hiyo ilipewa jembe, ikalima.

Kunguru alikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1890, taka zilikuwa zimekithiri katika mji wa Unguja. Watawala wa Kiingereza wakaagiza kunguru kutoka India ili wazile taka hizo. Katika karatasi za ofisi jambo hilo lilikuwa jepesi: ndege hadai mshahara, wala hahitaji mkokoteni. Lakini maswali mawili yalibaki bila jibu. Ndege hao wakizaana kupita kiasi, watakula nini? Na nani atawarudisha walikotoka?

Jibu la swali la kwanza lilionekana upesi. Kunguru walikula taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya wananchi na matunda ya wakulima. Swali la pili halijapata jibu mpaka leo. Mwaka 1947 walionekana Mombasa. Wakaijaza Dar es Salaam, na kutoka hapo wakaingia bara hadi Morogoro na mbele yake.

Juhudi za kuwapunguza hazikukosekana. Katika miaka ya 1990 Unguja iliendesha kampeni ya mitego na sumu, na idadi ya kunguru ikashuka sana. Kampeni ilipokoma, wakaongezeka tena. Dar es Salaam nayo imetumia mitego na sumu. Juni 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja.

Mtego na sumu vina kazi yake, lakini havitoshi. Kunguru huyu hana makazi porini. Popote alipoenea duniani, huishi ubavuni mwa binadamu na kula mabaki yake. Buguruni imepakana na Vingunguti yenye machinjio, na Kariakoo haiko mbali. Kuua kunguru leo na kuacha lundo la taka hadi kesho ni kutwanga maji kinuni. Jalala likiwa wazi, nafasi ya aliyekufa huzibwa na kinda lililoshiba.

Basi kazi ya kwanza ni ya watumishi wa manispaa na viongozi wa mitaa: taka za soko zizolewe kila siku kabla ya jua kuchwa, na mapipa yawe na vifuniko. Kazi ya pili ni ya walimu. Wanafunzi wafundishwe kumtofautisha kunguru mgeni na mwenyeji, wahesabu viota shuleni, na wajue historia iliyomleta.

Kazi ya tatu ni ya kila mwenye kalamu ya kuidhinisha. Kunguru hakujialika; alikuja kwa kibali. Sangara naye hakujipeleka Ziwa Viktoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 ili kuongeza samaki. Viwanda vilipata minofu, lakini aina nyingi za furu zilitoweka. Mwenye kutia sahihi huhamishwa au hustaafu. Kiumbe alichokiingiza hubaki na kuzaa. Hivyo kila ombi la kuingiza ndege, samaki au mbegu lichunguzwe kabla ya mzigo kupakiwa, si baada ya kushushwa.

Wahenga walisema pia kwamba kunguru hafugiki. Buguruni inamfuga kila siku, bila banda wala kamba, kwa taka zake yenyewe. Siku karamu hiyo itakapokoma, mgeni huyo ataanza kupungua.