SAMAKI WA MAJI BARIDI NA BWAWA LA UMEME
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya wavuvi)



Nimeombwa nieleze jinsi miradi ya maendeleo inavyogusa riziki ya mvuvi. Mfano wangu ni wa mbali: ziwa la Southern Indian Lake, katika jimbo la Manitoba, kaskazini ya Kanada.

Samaki wa nchi za baridi hakui upesi. Ziwa hufunikwa na barafu miezi mingi, na chakula ni haba. Samaki mweupe, aliyekuwa tegemeo la wavuvi Wakree wa huko, hutaga kabla ya majira ya baridi, na mayai yake hukaa chini ya barafu mpaka iyeyuke. Basi maji ya bwawa yakipunguzwa katikati ya baridi, mayai yaliyo kandokando hukauka au huganda.

Mwaka 1976 ziwa hilo lilipandishwa kiasi cha mita 3, ili sehemu kubwa ya maji ya mto Churchill igeuzwe kuingia mto Nelson, kwenye mitambo ya umeme. Kingo za udongo ulioganda tangu kale zikayeyuka na kumomonyoka. Maji yakajaa tope. Samaki weupe wakapungua mahali walipozoea kuvuliwa. Wavuvi walipohamia sehemu nyingine za ziwa, walipata samaki wa rangi nyeusi, wenye vifuko vingi vya minyoo katika nyama, nao wakashushwa daraja sokoni. Tena, vijidudu katika udongo uliofunikwa na maji viligeuza zebaki kuwa sumu iingiayo mwilini mwa samaki, ikazidi katika wale walao wenzao.

Umeme ulipatikana, wala sisi hatuubezi. Lakini faida ilisafiri kwa nyaya, na hasara ilibaki ziwani.

Wataalamu walikuwa wamelipima ziwa hilo kabla ya kupandishwa, kwa hiyo tofauti ilionekana kwa tarakimu. Hili ndilo la kulishika. Kila chama kiandike katika daftari la mizani uzito, aina, daraja na mahali samaki alipovuliwa, siku kwa siku. Mradi ukija, halmashauri iulize mapema: maji yatapandishwa kiasi gani, yatashushwa majira gani, na nani atapima samaki baadaye? Majibu yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Bila maandishi hayo, mwanachama atakayepoteza riziki yake hatakuwa na ushahidi wa kudai haki.