MAJARIBIO YA DAWA ZA PRESHA: TUULIZE KABLA YA KUTIA SAHIHI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garissa)



Presha ni adui asiyepiga hodi. Mtu mmoja akipata nafuu, huo si ushahidi; wakipimwa mamia ndipo ukweli hujulikana. Katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, madaktari waliwapa wagonjwa 728 dawa mbili mbili, kwa kura. Mwaka 2019 walitangaza kwamba zile zenye amlodipini zilishusha presha zaidi ya zile zisizo nayo.

Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera tukikaa nje ya hesabu, dawa zitapimwa kwa miili ya wengine tu. Lakini tusiingie kwa kuburutwa. Kabla ya kutia sahihi, tuelezwe kwa Kisomali au Kiswahili: dawa gani? Ina madhara gani? Tukidhurika, nani atatutibu? Nauli na mshahara wa siku hiyo atalipa nani?

Mwajiri hana haki ya kumlazimisha mtu. Aliyeingia aweza kutoka siku yoyote, wala asinyimwe matibabu yake.

Ndugu, kuuliza si ujinga. Tuulize pamoja.