Chuo Kikuu na Homa ya Uti wa Mgongo

 Natumaini kila mtu amekwisha kukaa, na mwalimu ana chaki mkononi. Tafadhali, mwalimu, andika ubaoni maneno haya matatu: bweni, chanjo, idhini. Nitayaeleza kila tukiyafikia.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya maradhi yaliyoingia katika chuo kikuu kimoja mwaka 2013, na jinsi wakubwa wa chuo hicho walivyoyakabili. Chuo chenyewe kinaitwa Princeton, nacho kiko Marekani, katika jimbo la New Jersey. Ni chuo cha zamani, kilianzishwa mwaka 1746, nacho kina fedha nyingi na wataalamu wengi. Wanafunzi wake wengi hukaa mabwenini. Bweni ni nyumba ya kulala watu wengi pamoja, kama ile ya watoto wetu walioko shule za mbali. Wanakula pamoja, wanacheza pamoja, na usiku katika sherehe zao kikombe kimoja huzunguka kwa watu wengi. Sisi tunaojua kunywa togwa katika kata moja hatuwezi kuwacheka.

Maradhi hayo ni homa ya uti wa mgongo. Huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa puani na kooni mwa mtu. Na hapa pana jambo la ajabu. Katika watu 10, yumkini mmoja anavyo vijidudu hivi kooni mwake, naye ni mzima kabisa, anafanya kazi zake, hajui lolote. Huwaambukiza wengine kwa mate: kwa kubusiana, kwa kukohoa karibu, kwa kukaa pamoja siku nyingi. Kwa wengi havifanyi kitu. Kwa wachache huingia katika damu, au katika utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, na hapo mtu huwa katika hatari ya kufa. Homa hupanda, kichwa huuma sana, shingo hukakamaa, mgonjwa hutapika na hawezi kuvumilia mwanga. Pengine madoa mekundu au ya zambarau hutokea mwilini. Mwenye dalili hizi hangojewi mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile. Hata wakipata dawa, kati ya wagonjwa 100, 10 hadi 15 hufa, na wengine katika wanaopona hubaki viziwi au hukatwa mguu au mkono.

Basi, mwezi Machi 2013 mwanafunzi mmoja wa Princeton aliugua. Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alikuwa mgeni tu aliyekuja kutembea chuoni, akaugua aliporudi kwao. Mwingine aliugua akiwa Ugiriki wakati wa likizo. Hata kufika mwezi Novemba wagonjwa walikuwa 8. Mtu aweza kusema, wagonjwa 8 katika watu maelfu ni kitu gani? Lakini maradhi haya ni ya nadra sana katika nchi ile, na wagonjwa wote walikuwa na vijidudu vya aina moja. Ilikuwa dhahiri kwamba vinazunguka humo humo chuoni.

Chuo hakikufungwa. Kuwatawanya vijana maelfu kungewapeleka vijidudu katika miji yote. Waliokuwa karibu sana na wagonjwa walipewa dawa ya kuua vijidudu kooni. Wanafunzi waliambiwa dalili za maradhi, wakakatazwa kushirikiana vikombe, na chuo kikagawa vikombe vilivyoandikwa maneno ya kumkumbusha mtu kwamba hiki ni changu, si chako. Napenda sana habari ya vikombe hivyo, maana ni rahisi na kila mtu anaielewa. Hata hivyo havikutosha. Mwezi Novemba watu walikuwa wanaugua bado.

Sasa twende kwenye neno la pili, chanjo. Chanjo ni dawa ambayo mtu hupewa akiwa mzima, ili mwili wake ujifunze kupigana na maradhi kabla hayajamfikia. Mtauliza, je, vijana hawa hawakuchanjwa? Walichanjwa. Sheria ya jimbo lile iliwataka wanaokaa mabwenini wachanjwe kwanza. Lakini vijidudu vya homa hii vina aina nyingi, nazo huitwa kwa herufi: A, B, C, na kadhalika. Chanjo waliyopata ilikuwa ya aina 4, ambazo ni A, C, W na Y. Ni aina zile zile 4 ambazo mahujaji wetu huchanjwa kabla ya kwenda Makka. Kijidudu cha Princeton kilikuwa cha B.

Na kwa nini B iliachwa nje? Wataalamu walishindwa kwa miaka mingi. Chanjo za zile aina nyingine hutengenezwa kwa ganda la kijidudu. Ganda la B linafanana na kitu kilichomo katika mwili wa binadamu mwenyewe, hasa ubongoni. Ni kama mwivi aliyevaa nguo za mwenye nyumba, mbwa hambwekei. Ilibidi wataalamu waliache ganda, watafute alama nyingine juu ya kijidudu. Mwishowe chanjo ikapatikana, na mwezi Januari 2013 nchi za Ulaya zikairuhusu. Marekani ilikuwa haijairuhusu bado.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Dawa ipo, inatumika ng'ambo ya bahari, lakini sheria ya nchi haijaikubali. Ukingoja sheria, labda mtoto wa mtu atakufa. Ukiiruka, unawadunga watoto wa watu dawa ambayo serikali yao haijamaliza kuipima. Wakubwa wa Princeton hawakufanya lolote katika hayo mawili. Idara ya serikali inayohusika na kuzuia maradhi iliomba ruhusa ya pekee, kwa ajili ya chuo hicho, na idara ya dawa ikaitoa. Mwezi Novemba wakubwa wa chuo walikubali, na chuo kikalipa gharama yote. Tarehe 9 Desemba 2013 sindano zikaanza. Kwa maoni yangu muda ulikuwa mrefu mno. Kutoka Machi hadi Desemba ni miezi 9, na katika miezi hiyo hapana aliyejua nani atafuata.

Lakini jambo moja walilifanya vizuri sana, nalo ni neno letu la tatu, idhini. Idhini ni kukubali kwako mwenyewe, baada ya kuelezwa. Hapakuwa na mtu aliyelazimishwa. Kila mmoja alielezwa kwamba chanjo hii haijaruhusiwa nchini, na yanayoweza kumpata, kama maumivu ya mkono na homa kidogo. Kisha alitia sahihi. Walio chini ya miaka 18 walihitaji sahihi ya wazazi. Wako watu wanaodhani kwamba ukimweleza mtu kila kitu atakimbia. Katika siku 4 waliochanjwa walizidi 5,000, yaani karibu wote waliotakiwa. Sindano ya pili ikafuata Februari 2014.

Hakuna aliyechanjwa aliyeugua baadaye. Ningependa kuishia hapa, lakini habari haikuishia hapo. Mwezi Machi 2014 mwanafunzi wa chuo kingine, Drexel, katika mji wa Philadelphia, alifariki kwa homa hii. Wapimaji walikuta kijidudu chake ni kile kile cha Princeton, naye alikuwa amekutana na wanafunzi wa huko siku chache kabla ya kuugua. Chanjo ilimlinda aliyedungwa, lakini haikuvifukuza vijidudu kooni. Mtu mzima, aliyechanjwa, aliweza bado kuvibeba na kumpa mwenzake asiyechanjwa. Tena, mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima damu za wanafunzi wa Princeton waliochanjwa. Kwa karibu mmoja katika kila 3 hawakuona kinga ya kutosha juu ya kijidudu kile.

Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza ya B Oktoba 2014, na hii ya Princeton Januari 2015. Huku kwetu Afrika, katika nchi zilizotoka Senegal hadi Ethiopia, adui mkubwa kwa miaka mingi alikuwa aina ya A, na chanjo yake ya pekee ilianza kutolewa Burkina Faso mwaka 2010.

Sasa chukueni madaftari. Fikiri kwamba mwalimu mkuu amekuletea karatasi, anaomba idhini mtoto wako achanjwe. Andika maswali mawili utakayomwuliza kabla ya kutia sahihi, kisha umsomee jirani yako. Mwalimu atapita kuyatazama. Kwaherini, mpaka somo lijalo.