SHAKA SI MATUSI
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: NIMEONA, NIMESIKIA, NADHANI. Yaache hapo mpaka mwisho wa somo, maana tutayahitaji.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Leo tutazungumza habari ya kutoa maoni yetu mbele ya watu, na hasa maoni ya mtu mwenye shaka, yaani mtu asiyekubali neno upesi, likiwa ni neno la siasa au neno la maisha ya kila siku. Maoni ya namna hii hutolewa kila mahali: barazani, kwenye mkutano wa kijiji, ndani ya basi, na siku hizi zaidi kwenye simu zetu za mkononi. Zamani mtu aliposema neno barazani, lilisikiwa na watu kumi. Leo akiliandika kwenye simu asubuhi, kabla ya adhuhuri limekwisha fika kwa watu asiowajua wala wasiomjua.

Basi kwanza tuulize: Je, shaka ni kitu kibaya? Tazameni mama anayenunua mahindi sokoni. Muuzaji anamwambia, "Mahindi yangu makavu kabisa." Mama hamjibu kitu. Huchukua punje moja, akaiuma kwa meno. Ikilia kama jiwe, hununua. Ikibonyea, huenda kwa muuzaji mwingine. Mnunuzi wa samaki naye hufunua mashavu ya samaki atazame kama ni mekundu. Hakuna anayesema kuwa mama yule amemtukana muuzaji. Sote twajua kwamba fedha yake ni ndogo, na watoto wake watakula kitakachonunuliwa. Ile punje aliyoiuma ndiyo shaka. Ni kazi ya mtu mwenye akili.

Lakini ni ajabu kwamba punje ya hindi twaiuma, na neno twalimeza bila kulitafuna. Tena lugha yetu imetupa chombo kizuri cha kupimia maneno, nalo ni neno dogo "eti". Mtu akisema, "Bei ya sukari itapanda," amechukua dhamana ya neno hilo. Akisema, "Eti bei ya sukari itapanda," ametuambia kwamba amesikia tu, naye mwenyewe hana hakika. Wazee wetu walilitumia neno hilo kwa uangalifu. Sisi twalipokea neno lenye "eti", na tunapolipeleka kwa mwenzetu twaiacha "eti" njiani. Hivyo ndivyo uvumi unavyogeuka kuwa habari.

Nitawapa mfano ambao wengi mnaukumbuka. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alitoa dawa ya kunywa kwa kikombe. Bei yake ilikuwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kikombe kimoja chaponya magonjwa makubwa, hata kisukari na ukimwi. Watu maelfu walikwenda, wengine kutoka nchi za jirani. Magari yalipanga foleni kilometa nyingi, na wako wagonjwa waliokufa wakingojea zamu. Viongozi nao walikwenda kunywa. Wako pia wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha pona. Baadaye foleni ilipungua, na mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Siusemi mfano huu ili tuwacheke waliokwenda. Mfa maji haachi kutapatapa, na mgonjwa aliyekata tamaa hushika lolote. Nausema kwa sababu ya swali moja dogo lililotakiwa kuulizwa kwa upole: "Ndugu, umepimwa tena hospitali, ukaonekana umepona?" Swali hilo halimtukani mchungaji, wala halimkufuru Mungu. Ni punje ya hindi tu. Yeyote aliyeliuliza kabla mwenzake hajaacha dawa, alimfanyia wema.

(Mwalimu, simamisha redio kidogo. Waulize wanafunzi: Ni neno gani ulilolimeza mwaka huu bila kulitafuna? Kisha endelea.)

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa nimemsifu mtu mwenye shaka. Sasa lazima niseme na ubaya wake, na ubaya huo nimeufanya mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kijijini kwetu tulichanga fedha za pampu ya kisima. Nyumba 140 zilitoa shilingi 2,000 kila moja. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mjane, mtu wa makamo, ambaye mimi humwita dada. Ikapita miezi mitatu, pampu haikuonekana. Jioni moja, tulipokuwa barazani tunakunywa kahawa, mimi nikasema, "Jamani, fedha zile zimekwisha liwa." Watu wakacheka. Nikafurahi kwa kuwa nimechekesha watu, tena nimeonekana mwerevu asiyedanganyika.

Kesho yake neno lile lilikuwa kisimani. Kesho kutwa lilikuwa shuleni, na watoto wa mama yule wakaitwa watoto wa mwizi. Mwanangu mmoja alinieleza hayo bila kujua kwamba neno lilitoka kinywani mwangu. Juma la pili mama akarudisha ufunguo wa sanduku kwa mwenyekiti, akajiuzulu.

Mkutano ulipoitishwa, alisimama na daftari lake. Kila shilingi ilikuwa imeandikwa. Fedha alikwisha zilipa kwa muuza pampu mjini, na stakabadhi ilikuwepo, yenye tarehe na mhuri. Pampu ilikuwa imechelewa njiani, basi. Ilifika siku kumi baada ya mkutano ule, na mpaka leo inatoa maji.

Nilimwomba mjomba wangu anisindikize nyumbani kwake. Tulipofika nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyeanza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungekuja kuniuliza siku ile, ningekuonyesha stakabadhi. Ilikuwa ndani ya daftari, hapo hapo mezani." Alinisamehe. Lakini kazi ya kuweka hazina hakuirudia tena, na hakuna mtu mwaminifu mwingine aliyetaka kuishika.

Akapatikana kijana mmoja aliyejitolea. Na sisi, kwa kuwa tulikuwa tumeona aibu mara ya kwanza, safari hii hatukuuliza neno lolote. Mwaka mzima hatukuomba kuona daftari. Mwisho wa mwaka kijana akahama, na sanduku likakutwa tupu.

Naomba mlifikiri jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Mara ya kwanza nilisema bila kuuliza, nikamwumiza mtu mwema. Mara ya pili sote tulinyamaza bila kuuliza, tukampa nafasi mtu mbaya. Makosa hayo mawili yana dawa moja, nayo ni swali: "Tafadhali, twaomba kuona daftari." Mtu mwaminifu hupenda kuulizwa, maana jibu humsafisha. Asiyependa kuulizwa ndiye wa kuulizwa zaidi.

Sasa tuje kwenye siasa. Wengine husema kwamba mtu wa kawaida hana haki ya kutilia shaka maneno ya wakubwa. La, hasha! Historia ya nchi zetu yasema vingine. Mwaka 1958, wakati wa ukoloni, Julius Nyerere alishtakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa maneno yaliyochapwa katika gazeti la Sauti ya TANU, yaliyowakosoa maofisa wa serikali. Alitiwa hatiani, akatozwa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule. Twaona kwamba tangu zamani shaka juu ya watawala ilikuwa na gharama.

Tena mwaka 1962, Uhuru ulipokwisha patikana, Nyerere huyo huyo, akiwa Rais wa TANU, aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Humo aliwaeleza wanachama wenzake makosa yao, na haja ya kuyasema ili yasahihishwe. Na mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitoa kitabu cha kupima yaliyofanyika, akakiri kwamba mengi hayakutimia. Mtu aweza kukubaliana na siasa yake au kuikataa. Lakini fundisho ni wazi: ikiwa aliyeanzisha mpango alikubali kuupima tena, kwa nini sisi tuone kuupima ni uadui?

Sheria nazo zasema juu ya jambo hili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 18, yatambua uhuru wa mtu kuwa na maoni na kuyaeleza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 33, yatambua uhuru huo pia, lakini haimruhusu mtu kuchochea vita wala chuki, na yamtaka aheshimu haki na jina la mwenzake. Tena Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo, mtu akisambaza kwa kompyuta au simu habari anayoijua kuwa si ya kweli, kwa nia ya kukashifu au kudanganya watu, amefanya kosa. Wako watu waliopelekwa mahakamani kwa maneno ya kwenye simu. Kwa hiyo mtu anayetaka kusema lazima awe jasiri, lakini pia awe mwangalifu. Neno lililopimwa vizuri lina nguvu zaidi, na ni vigumu kumshtaki mtu aliyesema alichokiona kwa macho yake.

Basi sasa turudi ubaoni, tuyatazame yale maneno matatu.

La kwanza ni NIMEONA. Hili ni neno zito. Litumie kwa jambo ulilolishuhudia mwenyewe. "Nimeona zahanati imefungwa siku tatu." Taja siku, taja mahali. Usiongeze chumvi.

La pili ni NIMESIKIA. Litumie kwa habari uliyopewa, na useme umeipata kwa nani. "Nimesikia kwa dereva wa basi kwamba daraja limevunjika." Msikilizaji atajua namna ya kulipima. Yupo methali asemaye, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naipenda methali, lakini hiyo imemponza dada yangu yule. Lilisemwa, wala halikuwepo.

La tatu ni NADHANI. Hili ni maoni yako. "Nadhani fedha za zahanati hazikutumiwa vizuri." Unayo haki ya kudhani. Lakini jirani yako naye anayo haki ya kukuuliza, "Wadhani hivyo kwa sababu gani?" Usikasirike akikuuliza. Umempima mwingine, ukubali kupimwa nawe.

Na kabla ya kusema maneno hayo mbele za watu, fanya mambo mawili. Kwanza, mwendee mwenye jambo ikiwa yu karibu, umwulize. Pili, sema juu ya jambo, usiseme juu ya kabila lake, dini yake, umbo lake wala mama yake. "Hesabu hizi hazilingani" ni shaka. "Wewe na ukoo wenu ni wezi" ni matusi. Shaka hutaka jibu. Matusi hayataki jibu. Hutaka ugomvi tu. Ndipo mnaona kwa nini somo la leo limeitwa Shaka si Matusi.

Sasa kazi ya darasa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mwenye mahindi hakasiriki mama anapoiuma punje?
2. Msemaji alikosa nini barazani? Wanakijiji wote walikosa nini baadaye?
3. Kijijini au mtaani kwenu, ni daftari gani mngependa kuonyeshwa? Mtaliomba kwa nani, na kwa maneno gani?

Kazi ya kuandika: Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya jambo moja la mahali anapoishi. Ya kwanza ianze na Nimeona, ya pili Nimesikia, ya tatu Nadhani. Kisha mpe jirani yako asome, naye akuulize swali moja: "Umejuaje?"

Maneno ya kujifunza: shaka, uvumi, dhamana, stakabadhi, mweka hazina, kukashifu.

Ndugu wasikilizaji, kuuliza si ujinga. Nendeni mkaulize vizuri, na mkiulizwa, mjibu vizuri. Kwaherini, mpaka somo lijalo.