Muulizeni Anaishi Ghorofa ya Ngapi

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofunga vibanda leo ili mfike hapa, na nyinyi wauguzi wapya: hongereni sana. Akina mama, karo yenu haikupotea.

Miaka mingi nimehudumia vidonda katika wodi za upasuaji, na lalamiko langu ni moja: tunamshauri mgonjwa kana kwamba anaishi wodini.

Mchukueni mama wa mtaa wa Pipeline aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, akajengewa jingine kwa msuli wa mgongoni. Pale ngozi ilipobanduliwa hubaki nafasi, na maji ya manjano hujikusanya humo. Ndiyo seroma, na mgongoni hupenda sana kurudi. Kwa kawaida mrija wa kuyatoa huondolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Tunamwambia, "Usiinue kitu kizito," tunampa tarehe ya kliniki, basi. Nyumbani ni ghorofa ya sita, lifti hakuna, mfereji umekauka, na mtungi wa lita 20 una kilo 20. Ataubeba. Akirudi amevimba, anagombezwa eti mkaidi! Hilo linaniuma. Huyo si mkaidi, wanangu; watoto wake wana kiu.

Kabla hajatoka, muulizeni: ghorofa ya ngapi? Maji unachota wapi? Nani atakubebea? Huyo atakayebeba mwiteni, mumfundishe pia kupima maji ya mrija na kuyaandika kila siku. Daftari hilo, nawaambia, lina thamani kuliko hotuba yangu.

Mengine hayana mjadala. Maji yakirudi, yavutwe kwa sindano safi na mtaalamu. Mwenye titi la silikoni asidungwe bila ultrasaundi kuonyesha njia. Homa, wekundu au usaha: arudi siku hiyo hiyo. Na mwenye silikoni akivimba baada ya mwaka au zaidi, maji yapelekwe maabara. Kuna saratani adimu ya limfu inayohusishwa na silikoni zenye uso wa kukwaruza. Kwa ajili yake kampuni ya Allergan iliondoa zake sokoni duniani kote mwaka 2019.

Mkipangiwa hospitali za Mama Lucy Kibaki, Pumwani au Kenyatta, mtakuta foleni, na mtaambiwa hakuna muda wa maswali. Ulizeni tu. Kuuliza huchukua muda mfupi kuliko kumvuta mama yule maji mara ya pili.