Kijana Akabidhiwe Kazi, Ndipo Atakapokuwa Raia Mwema

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



 Nimeombwa nieleze namna ya kuwafunza vijana wetu wawe raia wema katika mitaa na vijiji wanamokaa. Neno hili ni zito, na wengi wamelinena kabla yangu. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno mengi. Nina jambo moja tu la kusema, nalo ni hili: uraia mwema haufunzwi kwa mawaidha peke yake. Kijana huwa raia mwema akikabidhiwa kazi ya watu, kisha akatakiwa kuitolea hesabu mbele ya watu hao hao.

Yafaa kwanza tutazame nyuma, tukumbuke vyama kama hiki chetu vilitoka wapi. Katika mwaka 1921, watu walipokuwa wakilemewa na kodi, kipande na kazi za kulazimishwa, Harry Thuku alishiriki kuanzisha jijini Nairobi chama kilichoitwa Chama cha Vijana wa Kikuyu. Yeye alizaliwa mwaka 1895, na kazi yake ilikuwa ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, ulifanyika mkutano mkubwa huko Lundha, katika nchi ya Gem, na Chama cha Vijana wa Kavirondo kikazaliwa. Mwenyekiti wake alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu aliyepata elimu yake Maseno. Sikilizeni majina hayo, Wazee wangu. Vyote viwili viliitwa vyama vya vijana, wala hawakuona haya kuitwa hivyo.

Chama hicho cha Kavirondo kiligeuzwa mwaka 1923, kwa uongozi wa Arkidikoni Walter Owen, kikawa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi. Wako waliolalamika kwamba makali yake yamepunguzwa, na pengine walisema kweli. Walakini wanachama wake walijifunga kufanya kazi za nyumbani kwao: kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Basi twaona mambo mawili yaliyokwenda pamoja tangu mwanzo, kudai haki kwa serikali na kutengeneza mahali pa kukaa. Raia mwema ana mikono yote miwili. Mwenye kudai tu bila kutengeneza, na mwenye kutengeneza tu bila kudai, kila mmoja wao ana mkono mmoja.

Hali kadhalika katika miaka ya 1950, chama cha KAU kilipopigwa marufuku mwaka 1953, vyama vya ustawi viliendelea kuchangia mazishi na karo za shule. Ndani ya vyama hivyo watu wengi walijizoeza kuongoza mkutano, kuandika kumbukumbu, kupokea fedha na kutoa stakabadhi. Michango ile ilikuwa midogo, lakini mafunzo yake yalikuwa makubwa.

Sasa tuwatazame vijana wetu wa leo. Husemwa kwamba hawajali mambo ya nchi. Mwezi wa Juni mwaka 2024 walionyesha kwamba sivyo. Waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha za kwao ili hata bibi zao waelewe, wakatoka barabarani katika miji mingi. Tarehe 25 baadhi yao waliingia katika Bunge, na watu waliuawa siku hiyo. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Tuwe tumependezwa au tumechukizwa na njia waliyoipita, hatuwezi kusema tena kwamba hawajui kusoma sheria wala kuuliza maswali.

Hata hivyo kijana huyo aliyejua kifungu cha muswada wa Nairobi, mara nyingi hajui ni nani anayeshika ufunguo wa kisima cha mtaa wake, wala fedha za mtaro uliozibwa mbele ya mlango wao ziliandikwa wapi. Hajui kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Nchi yetu ina kaunti 47 na wadi 1,450, na katika kila wadi kuna mambo yanayoamuliwa karibu kabisa na nyumba yake, lakini kwake ni kama yanaamuliwa ng'ambo ya bahari.

Tena asiyekabidhiwa kazi na wazee wake hupewa kazi na watu wengine. Tusisahau miezi ile ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza mambo hayo ilieleza jinsi vijana wasio na kazi walivyotumiwa katika ghasia zile. Mwanasiasa aliyewatuma alijua majina yao. Je, sisi wa chama hiki twayajua majina ya vijana wa mtaa wetu, au twawajua kama mtoto wa fulani tu?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza, katika kila ofisi ya chama chetu awekwe kijana wa kusaidia: mmoja kwa mwandishi, mwingine kwa mweka hazina, na baina yao awepo msichana. Wasiwekwe kwa kubeba viti na kuchemsha chai. Aandike kumbukumbu, azisome mbele ya mkutano, akosolewe palipo na kosa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 55, yataka vijana wapate nafasi ya kushiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi. Nafasi hiyo isingoje Nairobi. Na ianzie kwenye meza hii.

La pili, vijana wapewe kazi moja iliyo yao, yenye mipaka na yenye mfuko wake. Yaweza kuwa kuzibua mitaro kabla ya masika, au kutunza makaburi, au kupanda miti shuleni na kuihesabu mwaka wa pili iliyobaki hai. Wachague wenyewe kiongozi wao. Fedha zao zitolewe kwa sahihi mbili, ya kijana na ya mzee, na hesabu yao isomwe katika mkutano kama isomwavyo hesabu yetu.

La tatu, tuwachukue vijana wetu waone serikali ya karibu inavyofanya kazi. Kwa sheria, makadirio ya matumizi ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kifungu cha 196 cha Katiba chalazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Twende nao, mzee na kijana wakae benchi moja. Wakiona jambo halieleweki, waandike barua ya kuuliza habari. Kifungu cha 35 chawapa haki hiyo, na sheria ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Kijana aliyeandika barua, akahesabu siku, akapata jibu, hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe.

Najua liko neno katika mioyo ya baadhi ya Wazee wangu: vijana watakula fedha. Neno hili lastahili kujibiwa, kwa maana fedha za mazishi na za wajane si za kufanyia mchezo. Nami nasema, mfuko wa kwanza uwe mdogo, kiasi ambacho kikipotea hakitamwacha mjane bila jeneza la mumewe. Atakayepoteza alipe mbele ya mkutano. Lakini tukumbuke kwamba umri haujawahi kuwa kufuli ya sanduku. Kinacholinda fedha ni daftari lililo wazi na macho ya wengi. Tukitaka vijana watoe hesabu, hapana budi wazione kwanza hesabu zetu, shilingi kwa shilingi, wala asikaripiwe kijana atakayeuliza.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Samaki huyo hakunjwi kwa kutazamwa. Ni lazima mkono umguse. Kadhalika kijana haongozwi na mtu anayemtazama kwa mbali akisikitika. Ataongozwa na mzee aliyeketi karibu naye, akimwonyesha mstari wa daftari na kumwachia kalamu.

Mwaka ujao, siku kama ya leo, natumaini hesabu ya mitaro au ya miti itasomwa hapa kwa sauti ya kijana. Akisoma vizuri tumpigie makofi, na akikosea tumsahihishe kwa heshima, kisha tumpe kazi ya mwaka mwingine.

Naomba mkutano uyafikirie mashauri haya na kuyapigia kura.